Safari za kayaki kutoka Kigoma kwenda Gombe na Mahale: nianzie wapi kufundisha na kuongoza?

Mwana wa Bangwe

Wakubwa shikamooni, na rika langu habari za siku. Mimi ni mkazi wa Bangwe, Kigoma mjini, na kwa miaka sita sasa riziki yangu imekuwa boti ya injini inayopeleka wageni kwenye hifadhi ya Gombe na, mara chache, ya Mahale. Mwaka jana mgeni mmoja aliyekuwa ameishi hapa kwa muda mrefu alirudi kwao, akaniachia kayaki mbili za bahari za plastiki ngumu, kila moja ikiwa na urefu unaokaribia mita tano, pamoja na makafi yenye mabapa pande zote mbili, jaketi okozi tatu, na vile vitambaa vya kujifunga kiunoni vinavyozuia maji yasiingie kwenye tundu la kukalia. Kabla hajaondoka alinifundisha kwa wiki tatu ndani ya ghuba, na tangu hapo ninatoka nazo kila Jumapili, hadi mikono imezoea na woga umepungua.

Jambo lililonileta ni hili. Wageni ninaowabeba wamekuwa wakiniuliza kama wanaweza kufika Gombe kwa kupiga kafi wenyewe, badala ya kukaa kwenye boti na kusikiliza injini, na mmoja aliniambia wazi kwamba huko kwao watu hulipa vizuri kwa safari za namna hiyo kandokando ya pwani zisizo na barabara wala hoteli, na hulipa zaidi akiwepo mtu wa kuwafundisha njiani. Nikiitazama pwani yetu naona hatukosi kitu: milima inashuka moja kwa moja hadi majini, maji ni meupe kiasi kwamba mawe ya chini yanahesabika, na kusini mwa mdomo wa Malagarasi kuna vijiji ambavyo hadi leo njia yao kubwa ni ziwa. Kwa upande wa kaskazini, njia yenyewe ni ileile ambayo Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwezi Novemba 1871, walipokwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia.

Nimechukua ramani nikapiga hesabu. Gombe ipo yapata kilomita 16 kaskazini mwa mji, kwa hiyo naiona kuwa ni safari ya siku moja kwenda na siku moja kurudi. Mahale ni zaidi ya kilomita 120 kuelekea kusini, nami nikikadiria kilomita 25 kwa siku napata siku tano au sita. Ninaomba kujua ni miezi gani inafaa, nianze na njia ipi, mtu asiyewahi kushika kafi afundishwe nini kabla ya kuondoka naye, na kama ni lazima niwe na cheti. Baba yangu mdogo, ambaye amevua dagaa tangu kabla sijazaliwa, anasema chombo ambacho abiria wake amefungwa ndani kama maiti katika sanda si chombo cha kuingia nacho Tanganyika. Ninamheshimu, lakini ningependa kusikia na wengine.

Nahodha wa Kibirizi

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo hajakosea, ila amesema kwa mkato, kama wavuvi wanavyosema. Mimi nimeendesha maboti ya abiria kati ya Kibirizi na Kagunga kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa, kwa hiyo nitakueleza upande wa ziwa na kuwaachia wengine upande wa hicho chombo chako.

Kosa la kwanza nililoliona katika maelezo yako ni hesabu ya kilomita. Hiyo ni hesabu ya mtu wa barabara. Sisi tunahesabu saa za utulivu na mialo ya kutia omo, yaani fukwe ambazo mbele ya chombo inaweza kugusa nchi kavu. Ukiniambia kilomita 25, nitakuuliza: utaondoka saa ngapi, upepo kwa msimu huo huamka saa ngapi, na ukiamka ukiwa katikati ya njia, mwalo wa karibu uko mbele au nyuma yako? Siku ziwa likiwa limelala utakwenda kilomita 30 huku unaimba, na siku nyingine kilomita nane zitakumaliza. Kwa hiyo ile safari ya siku tano ya Mahale, mgeni asiambiwe ni ya siku tano. Mwambie ni ya siku tisa au kumi, na kwamba baadhi ya siku hizo mtazitumia kukaa kijijini mkitazama mawimbi na kula migebuka.

Kuhusu miezi, ujue kwamba kila msimu una adui wake. Kuanzia Mei hadi Agosti, na mara nyingi Septemba pia, hakuna mvua, anga ni safi na wageni ni wengi, lakini ndipo upepo wa kusini unapotawala. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 670 na limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo upepo ule unaposafiri juu ya maji matupu kwa zaidi ya kilomita mia moja bila kukutana na kizuizi, wimbi linalofika Kigoma si wimbi la ziwa tena. Watu wa pwani wanaotuambia kwamba hatujaona bahari waje Julai. Ukiwa unaelekea Mahale miezi hiyo, upepo huo unakupiga usoni siku zote. Ukiwa unarudi unakusukuma mgongoni, jambo ambalo anayeanza hulifurahia mpaka pale chombo kinapoanza kukimbia na kugeuka ubavu.

Mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, upepo wa kusini hupungua na unaweza kupata asubuhi ambazo ziwa ni kioo. Hapo adui ni dhoruba ya ghafla, yenye radi na upepo unaobadili mwelekeo. Ukiona wingu limekuwa jeusi juu ya milima ya Kongo na upepo mdogo uliokuwepo umekatika kabisa, usisubiri kuhakikisha. Geuka ufukweni wakati huohuo, hata kama mgeni atakuona mwoga. Binafsi ningechagua vipindi vya mpito, yaani Septemba ya mwishoni na Oktoba ya mwanzoni, kisha siku zile za mwisho wa mvua kabla kusini hajaamka.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa injini tumelisahau, lakini wewe kwa kafi hutaweza kulisahau. Pwani yetu inatazama magharibi, na alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ukisimama ufukweni unaona maji yametulia kabisa, kwa kuwa upepo huo hauna nafasi ya kujenga wimbi karibu na nchi kavu, lakini unakusukuma kuelekea kilindini, na kadiri unavyosogea ndivyo wimbi linavyokua na ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu. Vijana wengi waliochukuliwa na maji kwenye vimitumbwi vidogo walichukuliwa hivyo, katika asubuhi nzuri.

Tena usitegemee kwamba boti yako ya kusindikiza itatia nanga na kukusubiri popote. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa halina huruma hata kando. Sehemu nyingi milima inaendelea kushuka chini ya maji kama inavyoshuka juu yake. Ndiyo maana enzi za safari za Liemba, katika vijiji vingi meli haikuwa na gati la kufikia, ikawa inasimama mbali na mitumbwi inaifuata huko kupokea abiria na magunia. Boti ya kusindikiza itembee nawe, injini ikiwa tayari, na mtu wa kuiendesha asiwe na kazi nyingine.

Mwisho, kabla hujachukua fedha ya mtu, kaa na daftari. Kwa wiki tatu andika kila siku: saa ya upepo kuamka, mwelekeo wake, saa ya kulala. Alfajiri nenda mwaloni wavuvi wanaporudi, uwaulize usiku ulikuwaje. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa usiache kuzisoma, ila ghuba yako uijue kwa macho yako. Na ushikamane na nchi kavu, usikate midomo ya ghuba.

Kafi Mbili

Ninampongeza Mzee Nahodha kwa maelezo ambayo yangemgharimu mtu miaka kuyapata. Mimi ninaishi Tanga na kazi yangu ni hii hasa, ya kufundisha kayaki za bahari. Niliijifunza Wales, katika kisiwa cha Anglesey, ambako maji ya kujaa na kupwa hupita kwa kasi kubwa kwenye rasi hadi yanasimama mawimbi hata siku isiyo na upepo. Nitaanza na tofauti hiyo, kwa sababu ukitafuta mafunzo kwenye intaneti utakuta nusu ya mafunzo hayo yanahusu mambo mawili ambayo Kigoma hayapo.

La kwanza ni kujaa na kupwa. Kwetu Tanga siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na safari yote hupangwa kwa jedwali la maji. Tanganyika haina jambo hilo kwa kiwango cha kukusumbua, kwa hiyo sura hizo uziruke bila kujilaumu. La pili ni baridi. Huko kaskazini mwa Ulaya maji peke yake yanaweza kumuua mtu ndani ya muda mfupi, ndiyo maana watu wa Greenland, ambao mababu zao ndio waliotengeneza kayaki kwa mbao za kuokota ufukweni na ngozi za sili, walikamilisha mbinu ya kujiinua baada ya kupinduka bila kutoka chomboni. Maji yenu ya juu yana nyuzijoto kati ya 24 na 28 karibu mwaka mzima. Hiyo ni neema kubwa kwa mwalimu, kwani mwanafunzi anaweza kupinduliwa mara ishirini kwa asubuhi moja akaendelea kucheka. Usiitumie vibaya kwa kudhani kwamba hakuna hatari: mtu aliyekaa majini kwa saa tatu, akiwa amechoka, upepo ukimpiga, atatetemeka hata Kigoma, na jua la mchana juu ya maji linaweza kumwangusha kabla ya wimbi.

Sasa nijibu swali la nini afundishwe mgeni, ambalo naliona kuwa ndilo swali lenyewe. Wengi huanza na jinsi ya kwenda mbele. Mimi huanza na jinsi ya kutoka. Mwanafunzi wangu, asubuhi ya kwanza, hupinduka kwa makusudi kwenye maji yanayomfika kifuani, nikiwa nimesimama kando yake, akiwa amefunga kile kitambaa cha kiunoni, na anatakiwa ainame mbele, atafute kwa mkono ule utepe ulio mbele ya kitambaa, auvute, kisha ajisukume atoke. Hapo ndipo maneno ya baba mdogo kuhusu sanda yanapopata jibu. Kitambaa hicho hakimfungi mtu. Kinafunguka kwa mvuto mmoja, lakini asiyewahi kuuvuta utepe huo kichwa kikiwa chini hajui kwamba kinafunguka, na hofu yake ni ya haki kabisa. Nawe hakikisha kila safari utepe umeachwa nje. Nimewahi kuona umefungiwa kwa ndani, na aliyefanya hivyo alikuwa mwalimu, yaani mimi.

Akishajua kutoka, ajue kurudi. Mkiwa wawili, aliyebaki juu husogea, hukamata omo ya chombo kilichopinduka, hukiinua juu ya chombo chake ili maji yamwagike, hukigeuza, kisha hukishikilia kwa nguvu sambamba na chake huku mwenzake akipanda kwa tumbo kutokea nyuma na kuingiza miguu. Jambo hili likizoeleka halichukui zaidi ya dakika mbili. Lisipozoeleka, watu wawili wenye afya njema wanaweza kuhangaika nusu saa na wote wakaishia majini. Mkiwa mbali mbali au ukiwa peke yako, kuna boya dogo la kuvalishwa kwenye bapa moja la kafi ili kafi liwe kama tengo la ngalawa, nalo humpa mtu mahali pa kuegemea anapopanda. Beba pampu ya mkono au upo wa kukumbia maji, na kabla ya yote angalia kama kayaki zako zina kuta za ndani zinazotenga sehemu ya mbele na ya nyuma. Kama hazina, chombo kikijaa maji kinazama karibu chote na hayo yote niliyoyaeleza hayafanyiki. Itabidi ujaze mifuko ya hewa.

Ndipo tuje kwenye kafi. Nguvu isitoke mikononi. Bapa liingie majini karibu na vidole vya miguu, kiwiliwili kizunguke, na bapa litoke linapofika nyonga. Mgeni anayevuta kwa mikono atachoka kabla ya kufika Kalalangabo, na wewe utakuwa mtu wa kuvuta watu kwa kamba, kazi ambayo unapaswa kuijua lakini usiitamani. Halafu umweleze tabia ya chombo chenyewe: kayaki nyingi, upepo ukija kwa ubavu, hupenda kugeuza omo kuelekea joshini, yaani kule upepo unakotoka. Chini karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, huenda kuna bapa dogo linaloshuka kwa kamba. Ukilishusha kidogo, tabia hiyo hupungua. Mtu asiyelijua hilo hupiga kafi upande mmoja siku nzima na jioni hawezi kuinua kikombe cha chai.

Kipimo changu cha upepo kwa wanaoanza ni rahisi. Mawimbi yenye vichwa vyeupe vikiwa vimetawanyika hapa na pale, upepo uko kati ya kilomita 12 na 19 kwa saa, na hapo ndipo mwisho wa wanafunzi wangu. Vichwa vyeupe vikienea kila upande, tumeshavuka kilomita 20, na darasa linafanyika ufukweni.

Kuna sehemu moja tu ambayo nitamkatalia Mzee Nahodha, kwa heshima. Kushikamana na nchi kavu ni kanuni nzuri penye fukwe. Penye miamba inayosimama wima ni kinyume chake, kwa sababu wimbi linalogonga mwamba hurudi, likakutana na linalokuja, na maji yakawa yanaruka juu bila mpangilio. Chombo cha injini kinapita. Kayaki yenye upana wa sentimita 60 inapinduka. Mahali kama hapo ninajitenga na mwamba kwa mita mia moja au mia mbili, ninapita haraka, kisha ninarudi karibu.

Kuhusu cheti: kuongoza na kufundisha ni kazi mbili tofauti, na hata chama cha Uingereza, ambacho tangu 2024 kinaitwa Paddle UK, hutoa sifa zake mbalimbali kwa kutenganisha kiongozi na mkufunzi. Kiongozi kazi yake ni watu warudi salama. Mkufunzi kazi yake ni watu warudi wakijua zaidi. Mwaka wa kwanza usijaribu zote mbili kwa pamoja ukiwa njiani. Fundisha ghubani, ongoza safarini. Na kwa kayaki mbili ulizonazo, mwanafunzi wako ni mmoja, basi. Mimi mwenye vyombo vingi sizidishi wanne.

Nahodha wa Kibirizi

Hilo la miamba nimelipokea. Nililisema kwa mazoea ya boti yangu. Hata sisi huyaona maji yanavyochemka chini ya miamba, ila tunapita tu. Lakini kwenye midomo ya ghuba sibadili neno.

Muuguzi wa Mwanga

Naomba niongeze mambo mawili ambayo hayana uhusiano na mawimbi. La kwanza ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hukaa zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi ya watu, na vimelea hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Kwa hiyo yale mazoezi ya kupinduka mara ishirini yasifanyike kwenye kona ya ghuba yenye matete ambako watu wanafulia na kuoga, hata kama ndiko kwenye utulivu. Tafuta ufukwe wa mchanga au mawe ulio wazi, mbali na midomo ya vijito. Mgeni aambiwe ukweli kabla ya kuingia majini, na aelezwe kwamba baada ya safari apime, kwani dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Nimewahi kuhudumia watu waliokaa miezi wakitibiwa homa nyingine kwa sababu hakuna aliyewauliza kama waliogelea ziwani.

La pili ni mdomo wa Malagarasi. Huko kuna viboko na mamba, na kayaki ipo chini mno majini kiasi kwamba kiboko anaweza kuwa mita kumi kutoka kwako na usimwone. Kipande hicho wavusheni wageni kwa boti.

Mwongozaji wa Mitumba

Mdogo wangu wa Bangwe, mimi ninaongoza wageni milimani, kwa hiyo nitasema ya nchi kavu pekee. Ufukwe wa Gombe ni wa hifadhi, na huwezi kutia kayaki popote, ukapiga hema na kuwasha moto kwa kuwa umechoka. Wasiliana na hifadhi mapema, ulipie viingilio, ujue mahali pa kufikia. Ukihitaji pa kupumzika nje ya mpaka, upande wa kusini kuna Mtanga na upande wa kaskazini kuna Mwamgongo, na vijiji vyote viwili ukifika kwanza nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukajitambulishe pamoja na wageni wako. Vyakula vifungieni ndani ya kayaki na mfuniko ukazwe, kwani nyani wa ufukweni pale hawachelewi.

Mahale ni kubwa zaidi na ina jambo moja ambalo waendesha kayaki wengi hawalijui: mpaka wake unaingia ndani ya ziwa kwa kilomita 1.6. Maana yake ni kwamba hata usipokanyaga nchi kavu, ukiwa unapita karibu na ufukwe umeshaingia hifadhini. Biashara yenyewe inahitaji leseni ya utalii, na kuhusu usalama wa vyombo waone TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kabla hawajakuona wao. Tena usilale majini wala kusafiri usiku kukwepa upepo. Wavuvi wetu wamewahi kuporwa injini na nyavu gizani, na mitumbwi iliyotoka kuvua haitakuona.

Mwana wa Bangwe

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nafanya kazi mliyonipa. Asanteni sana, na Mzee Nahodha nakushukuru kwa kuniondolea ramani mikononi.

Nimeanza na lile la kutoka na kurudi. Nilimwomba rafiki yangu, tunayeendesha naye boti, akae kwenye kayaki ya pili, na baba mdogo akakubali kuja na mtumbwi wake, kwa sharti kwamba haji kusaidia bali kushuhudia. Tulichagua ufukwe wa mawe ulio wazi kama Dada Muuguzi alivyoelekeza. Kutoka chomboni nilifanikiwa mara zote, lakini kurudi ilikuwa aibu. Mara ya kwanza ilituchukua dakika kumi na nne, na nilipofanikiwa kuketi chombo kilikuwa na maji hadi mapajani, kwa sababu tulisahau kuinua omo kwanza. Mara ya sita tulifika dakika tatu. Kisha upepo wa saa tano ukaja na vichwa vyeupe vichache, tukajaribu tena, ikarudi kuwa dakika tisa. Kama ningekuwa nimempeleka mgeni Gombe mwezi uliopita, kama nilivyokuwa nimepanga, ningejifunza hayo nikiwa naye.

Kuta za ndani zipo kwenye kayaki zote mbili, ila mfuniko mmoja wa nyuma unavuja na nimeagiza mpira mpya kutoka Dar es Salaam, utakuja kwa treni. Mahale nimeiweka kando hadi mwakani. Njia ya kwanza itakuwa Kibirizi hadi Mtanga, tukitoka mara baada ya wavuvi kurudi, boti ikitembea upande wa nje, na mgeni atakuwa mmoja tu ambaye atakuwa amekaa nami ghubani siku mbili kabla. Nimebaki na swali moja kwa Kaka Kafi Mbili: katika zile siku mbili za ghubani, je, siku ya pili nimpeleke kwenye upepo kidogo kwa makusudi, au nisubiri aukute njiani?

Kafi Mbili

Mpeleke kwa makusudi, upepo ukiwa unaelekea ufukweni, si unaotoka nchi kavu, ili akishindwa maji yenyewe yamrudishe. Na apinduke hapo mara moja. Dakika tatu za maji tulivu usizihesabu. Hesabu zile tisa, ndizo utakazopanga nazo safari.

Mwana wa Bangwe

Nimeelewa. Kuhusu daftari, leo ni siku ya kumi na moja. Baba mdogo alilichukua jana jioni kulisoma, akalirudisha akiwa amefuta maandishi yangu ya siku tatu kwa kalamu yake na kuandika saa nyingine pembeni. Anadai kwamba nilikuwa naandika saa upepo unaponifikia mimi ufukweni, ilhali kwake kilindini ulikuwa umeamka saa nzima kabla. Sasa tunaandika safu mbili.